Fishi ya Saba

Muti wenye nitaongelea hapa, jina yake sitaiandika. Haiko kusema nimeisahau. Ni juu watu bado wanautafuta, na ni miye niliwatuma.

Niko mwanafunzi wa mwaka wa tano, sekshoni ya biolojia, hapa Bunia. Mu kalasi yetu niko mutu wa blage, wa kudanganya watu kwa kuchekesha. Hiyo kazi hakuna mwenye alinipa, nilijipa mwenyewe, na ninaifanya muzuri kuliko masomo. Siku moja niliambia mwalimu wa hesabu kama prefe, mukubwa wa shule, anamuita ku biro. Akavuka kiwanja chote na mvua, kumbe prefe alikuwa amesafiri. Nilifagia kalasi wiki mbili, na wenzangu wanacheka mpaka leo. Ninasema hivi mapema ili usishangae huko mbele.

Mwaka huu prefe alituletea mugeni, mama mumoja kijana, asistan wa chuo kikuu. Alivaa buti za matope na alibeba mufuko mukubwa wa karatasi. Alisimama mbele ya ubao, akatuambia tuangalie inje ya dirisha.

«Munaona nini?»

«Miti,» tukajibu.

«Miti ya nani?»

«Ya prefe, madamu,» nikasema. Kalasi ikapasuka na kicheko. Yeye pia akacheka, na hapo nilisikia woga kidogo, juu watu wakubwa wenye wanachekaka blage zangu mara nyingi wananipitaka mayele na akili.

Akaanza kuonyesha na kidole. Ile kalitusi, ilitoka mbali, ng'ambo ya bahari. Ile yenye maua ya manjano, ililetwa. Hata ile fensi ya majani yenye tunakaliaka wakati wa rekreasyon, ililetwa. «Sasa ya kwenu iko wapi?» akauliza. Tukaangalia tena inje.

Alikuwa anafanya utafiti juu ya miti ya asili yenye imebaki mu mji. Akatuambia kama Bunia ni mji wenye watu walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena, na kila mara walikata miti kwa kupika. «Muti wa zamani ukibaki wima mahali kama hapa, kuko mutu mwenye aliukatalia kufa,» akasema. «Miye ninamutafuta ule mutu.»

Kila mwanafunzi akapewa fishi saba, karatasi zenye maswali. Ulipaswa kwenda kwa wazee, kila fishi muti mumoja: unaitwaje, nani aliuacha, watu wanaufanyia nini, kuko katazo gani juu yake, na sababu gani haujakatwa.

Lazima uelewe kitu kimoja juu ya watu wa huku kwetu na enketi. Wamehojiwa sana. Mutu akikuona na fishi na biki ya kuandikia, anajua kama nyuma yako kuko bashi ya kufunika nyumba, sabuni, ama unga. Papa wa kwanza mwenye nilifikia, mu mutaa wa Mbunya, aliniuliza hata kabla sijakaa:

«Munapana nini?»

«Hatupane kitu, papa. Tunauliza tu habari ya muti yenu ule.»

«Basi andika niko na watoto kumi na mbili na nyumba inavuja.»

«Papa, fishi inauliza muti.»

«Andika muti uliangukia nyumba.»

Muti ulikuwa wima pale, mbele ya macho yetu. Nilibishana naye nusu saa mpaka akaniambia habari ya kweli, na ilikuwa habari nzuri. Hivyo hivyo nilijaza fishi sita. Sikudanganya hata mahali pamoja, na hiyo kwangu ilikuwa rekodi.

Ya saba ilikuwa ya koko mumoja wa Rwambuzi, mutaa wetu, bibi muzee mwenye parseli yake inagusana na yetu. Mu parseli yake kuko muti mukubwa, wenye ndege wanaamkiaka pale kabla ya watu wote. Miaka yote niliuona kutoka dirisha letu, na sikujua hata kama uko na jina. Shida ni kwamba miye na koko hatukuwa marafiki. Mwaka uliopita nilikuwa nimevalisha mbuzi yake kravati ya shule ku shingo na kuituma ku avenyu wakati watu wanatoka ku misa. Aliponiona ku mulango na fishi, akakamata fagio.

«Koko, nimekuya ku masomo, haki ya Mungu!»

«Rudia kwa mama yako, weye shetani ya kravati!»

Nikakimbia. Nikakaa ku ukuta nyuma ya nyumba yetu, nikafanya kitu yenye wafanya enketi wote wa huu mji wanajua na hawasemaka: nikajaza fishi pale pale, peke yangu, bila kuuliza mutu.

Ningeweza kuandika mistari miwili nikaacha. Lakini karatasi ilikuwa na mistari mingi, na miye nikianza kutunga sijui kusimama. Niliandika kama ganda ya huu muti inaponesha ugonjwa ya sukari na maumivu ya mugongo. Mutu anapaswa kuya asubuhi, kabla ya kusemesha mutu yeyote. Anazunguka muti mara tatu, midomo imefungwa, kisha anakata ganda ku upande jua inatokea. Anachemsha, anakunywa. Nilisoma tena, nikacheka peke yangu. Kile kitu cha midomo imefungwa kilinipendeza sana.

Wiki mbili kisha, siku ya posho, ndiyo jumamosi, asistan akafanya restitisyon mu sali kubwa ya shule, kusomea watu yenye tulikusanya. Wazazi walikuya, na wazee wenye walihojiwa, na shefu wa avenyu yetu. Koko hakukuya, juu hakuna mwenye alimuhoji. Asistan alisoma muti kwa muti, na ilikuwa ajabu kuona watu wazima wanasikiliza habari ya miti kama habari ya mupira. Ule papa wa Mbunya alisimama mwenyewe akapiga mikono, kisha akakumbusha sali nzima kama nyumba yake inavuja.

Halafu nikasikia asistan anasema: «Mu Rwambuzi, koko mumoja anatuambia...»

Alisoma yote. Sukari, mugongo, midomo imefungwa, upande wa jua. Kisha akarudilia mara mbili: «Hii hatujaihakikisha. Ni maneno ya mutu mumoja tu.» Lakini miye nilikuwa naangalia biki za wamama. Zilikimbia mpaka ku «jua inatokea,» zikasimama. Ile «hatujaihakikisha» hakuna mwenye aliiandika.

Rafiki yangu wa benchi akanigeukia polepole. «Ni weye?»

«Nyamaza.»

«Ni weye! Uliandika mu nyumba!»

«Nimesema nyamaza.»

Kesho yake, siku ya Mungu, saa kumi na mbili ya asubuhi, nilisikia koko analalamika. Nikapanda ku ukuta. Watu watatu walikuwa wanazunguka muti yake: mwalimu mumoja wa praimari, mama mwenye anauzishaka samaki ku soko, na papa mumoja na fimbo. Walitembea mmoja nyuma ya mwengine, pole, na midomo imekazwa.

«Munatafuta nini mu parseli yangu?» koko akauliza.

Hawakujibu.

«Ninasema na nyinyi! Mumekuwa bubu?»

Mama wa samaki akamuangalia na macho ya huruma, akaonyesha midomo yake na kidole, akaendelea kuzunguka. Walipomaliza, wakakata kila mutu kipande yake, wakainamisha kichwa kumushukuru, wakaenda. Koko akabaki pale na fagio, hajui amupige nani.

Nilicheka mpaka nikashuka ukuta vibaya nikachubuka goti. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka.

Siku iliyofuata wakakuya wengi zaidi, na baada ya siku mbili ku upande jua inatokea hakukubaki ganda tena, kutoka chini mpaka mahali mutu murefu anafikisha mukono. Muti ulikuwa uchi pale, mwekundu na wenye maji, kama goti yangu. Basi watu wakaanza upande wa pembeni. Walijiambia kama jua ni jua tu.

Asistan alikuwa ametufundisha hiyo. Chakula yenye majani inatengeneza inashuka kwa mizizi kupitia chini ya ganda. Ukitoboa ganda mahali, muti unavumilia. Lakini ukiitoa muzunguko wote, hata kama ni upana wa vidole viwili, mizizi inakosa kula, inakufa, na muti unafuata. Haufi siku ile. Unaendelea na majani ya kijani kama kitu haiko, na tayari umekufa. Niliandika hayo maneno mu kaye yangu ya masomo na kuchora kichwa ya prefe pembeni.

Siku ya ine nilipima na macho kutoka ku ukuta: upande wa nyuma, upana wa ganda yenye imebaki ulikuwa urefu wa mukono wangu mzima, kutoka bega mpaka vidole. Siku ya tano, ilikuwa rula moja. Koko alizungusha miiba, watu wakaisogeza na fimbo. Alikaa chini ya muti asubuhi yote, lakini ni mutu anaishi peke yake, anapaswa kwenda shamba, na akirudi anakuta kipande kingine kimeenda. Nilimuona anapitisha vidole ku kile kibanzi cha ganda, juu na chini, kama mutu anatafuta mahali mutoto anaumia.

Nikashuka ku ukuta. Nilijiambia watachoka.

Mangaribi ile mama yangu akaniita mu jikoni, akanipa kikombe.

«Kunywa. Ni dawa ya muti wa koko. Miye mugongo imepungua.»

«Mama, miye siko na sukari.»

«Inasafisha damu. Kunywa.»

Ningeweza kusema pale pale. Mulango ilikuwa wazi, tulikuwa wawili tu, na maneno ilikuwa ku ulimi. Nikakunywa. Ilikuwa chungu mpaka macho ikatoa maji.

«Unalia nini?»

«Iko moto, mama.»

Ku ijumaa nilitoka shule mbio, rafiki yangu nyuma. Nilipopanda ku ukuta nikaona wamama wawili na basani, na papa mumoja mwenye mabega mapana na panga. Koko alikuwa amesimama mbele ya muti. Fagio ilikuwa chini.

«Niachie tu hiki kipande,» alikuwa anasema. «Baba, hiki tu.»

Kile kipande kilikuwa upana wa viganja viwili.

Niliambia rafiki yangu: «Kimbia kwa asistan. Muambie akuye na fishi ya saba. Kimbia!» Kisha nikaruka, nikapita katikati ya basani, nikaweka mugongo yangu ku ile ganda.

«Haiko dawa,» nikasema. «Nilitunga miye. Koko hakusema kitu. Ile fishi niliijaza peke yangu ku ukuta, pale.»

Halafu mama mumoja akaanza kucheka.

«Huyu si ule wa mbuzi na kravati?»

«Ndiye! Ndiye huyu!»

«Ninaapa kwa Mungu, mama!»

«Hata ile siku uliapa kama prefe anaita mwalimu. Mutoto wangu alinielezea.» Wakacheka wote wawili mpaka basani zikagongana. Na kila nilivyoapa, walicheka zaidi. Nilijaribu kuongea na sauti ya mutu mukubwa. Wakasema ninaigiza prefe. Maisha yangu yote nilitaka watu wacheke vile. Sikujua namna ya kuwasimamisha.

Ule papa wa panga peke yake hakucheka. «Koko amemupa kitu huyu,» akasema. «Anataka dawa ibaki ya kwake peke yake. Toka, mutoto.»

«Sitoki.»

Akaleta panga karibu ya sikio yangu, akaanza kukwangua pembeni ya bega yangu. Nilisikia ganda inapasuka nyuma ya shingo. Nikageuka nikakumbatia muti, uso ku ganda, mikono mbali mahali ilifika.

«Utachoka,» akasema. Akakaa ku jiwe, panga ku magoti, akangoja.

Sijui tulikaa vile muda gani. Sisimizi walipita ku shingo yangu. Koko alisimama kando, na sikujua kama ananiangalia ama anaangalia ile alama mupya ya panga. Nilisikia tu pumzi yake.

Asistan akafika na pikipiki, rafiki yangu katikati yake na dereva. Hakusalimia mutu. Akazunguka muti mara moja, na niliona uso wake unabadilika kila hatua. Kisha akatoa karatasi mu mufuko.

«Haya maandiko ni ya nani?»

«Yangu, madamu.»

«Koko, ulimuambia huyu mutoto kama ganda inaponesha?»

«Miye?» koko akasema. «Huyu nilimufukuza na fagio. Hata bonjour sikumupa.»

Asistan akageukia watu. Alisema yote. «Siku ya posho niliwasomea maneno nikasema ni ya huyu koko. Haiko ya kwake. Kosa ni ya mutoto, na ni yangu pia, juu sikukuya hapa kumuuliza mwenyewe. Hii dawa haiko.»

«Sasa kile tulikunywa ni nini?» mama mumoja akauliza.

«Ganda, mama. Mulikunywa ganda.»

Hawakucheka tena. Papa wa panga akasimama, akaniangalia wakati murefu, akatema mate karibu ya viatu vyangu, akaenda. Wamama wakamwaga vipande vyao ku miguu yangu. Asistan akaniambia, bila kunikaripia, kama hawezi tena kutumia fishi za kalasi yetu, zote, juu sasa hajui ipi ni ya kweli. Fishi zangu sita za kweli zilikuwa ndani. Za wenzangu wote pia.

«Simama,» koko akaniambia. Nilikuwa nimekaa chini bila kujua. «Enda kwa wenye ngombe. Leta mavi, ndoo mbili. Kisha udongo wa mutoni.»

Nilipita mu avenyu na mavi ya ngombe ku kichwa mara mbili, na kila mutu alikuwa tayari amepata habari. Tukachanganya na mikono. Koko alinionyesha namna ya kupakaa, kutoka chini kwenda juu, bila kusugua ile sehemu ya maji. Asistan akakunja mikono ya shati akaingia pia. Tukafunika yote na gunia, tukafunga na kamba za migomba. Ule upande wenye ganda tukauacha wazi.

Wakati tunapakaa, asistan akamuuliza koko, pole, lile swali la mwisho la fishi: sababu gani muti haujakatwa?

«Moshi,» koko akajibu. «Ukiupikia, moshi yake inaleta ugomvi mu nyumba mpaka watu wanaachana. Wakati wa vita walitoa hata mulango yangu wakachoma. Huu waliuacha.»

«Ni kweli, koko? Moshi inaleta ugomvi?»

«Nitajuaje? Sijaupikia hata siku moja.»

«Nani alikufundisha?»

«Mama mukwe wangu.»

«Yeye aliamini?»

Koko akapakaa kidogo kabla ya kujibu. «Hakuniambia kama anaamini. Aliniambia tu niwe nasema.»

Asistan alitaka kuandika, lakini mikono ilikuwa imejaa mavi. Miye, midomo yangu haina mulinzi, nikasema: «Basi koko, weye pia ulidanganya watu.»

Nilingoja kofi. Akaniangalia tu. «Labda,» akasema. «Lakini miye niliwaambia wakae mbali. Weye uliwaambia wakuye. Pakaa pale, umeacha kitundu.»

Ile siku mama yangu hakunipiga. Alisikia yote, akachukua sufuria yake ya dawa, akaimwaga inje polepole, na muda wote alikuwa ananiangalia. Ningependa anipige.

Sasa kila siku ya posho ninaenda kwa koko kubadilisha udongo. Matawi ya upande jua inatokea yamekauka, na koko anakatalia mutu kuyakata. Upande mwengine kungali majani, na ndege wote wamehamia kule, wanagombana nafasi. Asistan anakuyaka kupima. Anasema tungoje mvua ipite yote, ndiyo tutajua. Nikimuuliza kama utapona, anaangalia juu, kisha anapima tena. Alianza utafiti yake upya, na anaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba. Mara moja moja ananichukua nimubebee mufuko, lakini biki hanipe.

Posho iliyopita nilikuwa peke yangu pale, koko ameenda shamba, mutu akaingia mu parseli. Papa mumoja mwenye vumbi mpaka ku nyushi, na gunia tupu ku bega. Hakunisalimia. Akaanza kuzunguka muti, midomo imefungwa, na nikangoja amalize mara ya tatu, juu nilijua hatanijibu kabla ya ile.

«Papa,» nikasema, «hakuna dawa hapa.»

«Nimetoka mbali, Ariwara,» akasema. «Kule watu wote wanasema iko.»

«Ni uwongo. Ni miye niliutunga. Miye mwenyewe.»

Hakucheka. Aliangalia gunia, na kamba, na udongo ungali maji, kutoka miguu yangu mpaka juu ya kichwa.

«Kama haiko dawa,» akauliza, «sababu gani mumeufunga namna hii?»

Nikamuambia aende ku hospitali. Akasema wametoka kule. Akasema haiko kwa yeye, ni kwa muke wake, miguu yake imeanza kukatala kutembea. Akatandika gunia yake chini, akakaa, akasema yeye hana haraka. Kisu kilikuwa mu mufuko wa koti, nilikiona.

Nikarudi nyuma hatua moja, mpaka mugongo yangu ikagusa ile ganda yenye imebaki, nikabaki pale.